Laktomita haioni bakteria

Katika vituo vya kukusanyia maziwa, kuanzia Olenguruone hadi Njoro, kuna kifaa kimoja kinachoheshimiwa na kuogopwa na kila mkulima. Ni laktomita. Karani anaitumbukiza kwenye maziwa, inaelea, anasoma namba, na hukumu inatoka papo hapo: haya ni maziwa, haya yametiwa maji. Karani makini ataongeza kipimo cha alkoholi aone kama maziwa yatashikana mabonge, kisha ataunusa mkebe. Yakipita hapo, yanamiminwa kwenye tangi moja na ya wanakijiji wenzake.

Vipimo hivyo vina maana yake. Laktomita hupima uzito wa maziwa ukilinganishwa na wa maji, na alkoholi hukamata maziwa yaliyoanza kuchacha. Lakini maziwa ya ng'ombe mwenye brusela, bakteria anayewatupisha ng'ombe mimba na kumtia binadamu homa, yana uzito uleule, rangi ileile na harufu ileile kama ya ng'ombe mzima. Maziwa yenye listeria, salmonela au ile aina hatari ya E. coli hayabadiliki chochote kwa alkoholi iwapo bakteria hao bado ni wachache. Yote hupita.

Mimi naamini hali hii ina chanzo kimoja: tunapima kile kinachomuumiza mnunuzi mfukoni. Maji yanamwibia mwenye kiwanda, na uchachu unamharibia tangi zima. Bakteria atakayemfikia mama mjamzito wa Nyalenda kule Kisumu, au mtoto wa Kaptembwo hapa Nakuru, hamgharimu hata shilingi mtu yeyote aliyesimama kwenye mzani asubuhi ile. Ndiyo maana hakuna anayemtafuta. Kazi ya kumuua imeachiwa mtu wa mwisho kabisa, yule mwenye sufuria jikoni, na kwa miaka mingi ameifanya vizuri kuliko anavyoshukuriwa. Sasa tunakunywa na kula maziwa kwa njia ambazo sufuria hiyo haizifikii.

Tuanze zizini. Maziwa yanapotoka kwenye kiwele chenye afya huwa na bakteria wachache sana. Wanaingia kuanzia hapo: mikono isiyooshwa, mkia uliolowa mkojo, kinyesi kilichokauka pajani, kitambaa kimoja kinachofuta viwele vya ng'ombe wote, kopo la mafuta ya kukamulia linalochotwa kwa vidole vichafu. Kiwele chenye mastaitisi, yaani ugonjwa wa kiwele, humimina bakteria kutoka ndani, na ile mastaitisi isiyo na dalili ndiyo mbaya zaidi. Kiwele hakijavimba, maziwa hayana mabonge, basi mkulima anaendelea kukamua na kuuza bila kujua. Brusela naye hutoka ndani ya mnyama na kuingia kwenye maziwa bila alama yoyote.

Kisha linakuja jerikeni la plastiki, ambalo mara nyingi lilianza maisha yake likiwa na mafuta ya kupikia. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii. Ndani plastiki imejaa mikwaruzo, na katika mikwaruzo hiyo bakteria hujishikiza kwa ute ambao maji ya moto na sabuni haviutoi wote. Bodi ya Maziwa ya Kenya imelikataa kwa miaka na kusisitiza mikebe ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu. Bado linatawala, na sababu zake si za kudharauliwa. Mkebe wa alumini ni ghali. Jerikeni hufungika vizuri, hukaa sawa kwenye pikipiki, na halimwagiki barabara za Kuresoi zinapogeuka tope. Kumwambia mwenye boda boda "ni marufuku" bila kumwonyesha atakachonunulia chombo kingine ni kumfundisha njia za kukwepa wakaguzi.

Lakini jambo linalonikera zaidi ni maziwa ya jioni, kwa sababu ni kosa la mipango na lawama zote huangukia mkulima. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili kwa siku. Gari la ushirika, sehemu nyingi, linapita mara moja tu, asubuhi. Maziwa ya jioni mengine huenda kwenye chai, mengine kwa ndama, mengine kwa jirani. Yanayobaki hulala kwenye jerikeni lililowekwa ndani ya beseni la maji, halafu alfajiri huchanganywa na mapya. Hesabu yake inatisha. Katika joto linalowafaa, bakteria kama E. coli hugawanyika kila dakika 20 hivi. Mmoja anakuwa 8 baada ya saa moja, 4,096 baada ya saa 4, na zaidi ya 32,000 baada ya saa 5. Ni kweli kwamba maziwa mabichi yana kinga yake ya asili inayowachelewesha kwa saa chache za mwanzo, na usiku wa Molo una baridi ya kusaidia. Ila baridi ya Molo si ya jokofu, na maziwa yale hayabaki Molo. Yale ya milima ya Nandi huteremka hadi Kisumu, mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo joto la mchana hufika nyuzi 30. Kufikia saa nane mchana, lita iliyokamuliwa jana jioni imeshapitia kila kitu ambacho bakteria wangekiomba.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi, EAS 67, kimeyagawa kwa madaraja: daraja la kwanza ni chini ya bakteria 200,000 kwa kila mililita, na la tatu linaruhusu hadi milioni 2. Umoja wa Ulaya huwawekea wafugaji wake kikomo cha 100,000. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba wakulima wetu ni wachafu mara 20. Inaonyesha gharama ya baridi, yaani umeme, barabara na matangi, vitu ambavyo mwenye ng'ombe wawili hawezi kujinunulia.

Hata hivyo hatufi kwa wingi, na sababu yake ni chai. Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazokunywa maziwa mengi zaidi, zaidi ya lita 100 kwa mtu kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hayo huuzwa yakiwa mabichi, nje ya viwanda. Lakini huku kwetu maziwa hayo huishia kwenye sufuria moja na maji na majani ya chai, yakachemka hadi yakafura. Kiwandani, upasteurishaji, yaani kupasha maziwa moto wa kuua bakteria, huhitaji nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Nakuru iko juu, mita 1,850 hivi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, na bado hizo zinatosha na kubaki kumuua brusela, salmonela, listeria, kampilobakta na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Afadhali tu maziwa yakorogwe, yaachwe yafure tena, kwa kuwa povu linaweza kupanda kabla sufuria nzima haijachemka sawasawa. Na yasirudishwe kwenye jerikeni lile lile yalikotoka. Hilo la mwisho linafanyika katika nyumba nyingi mno.

Moto pia una mpaka wake. Bakteria aitwaye stafilokoka, anayetoka kwenye kiwele chenye mastaitisi au kwenye kidonda cha mkamuaji, akipata muda na joto hutengeneza sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Bakteria anakufa, sumu yake inabaki. Japani walilijua hilo mwaka 2000. Umeme ulipotea kwa saa chache katika kiwanda cha kampuni ya Snow Brand kisiwani Hokkaido, maziwa yakakaa katika joto, yakatengenezwa unga, na unga huo ukaingia kwenye maziwa yaliyouzwa Osaka. Yalikuwa yamepashwa moto kama sheria inavyotaka. Zaidi ya watu 13,000 waliugua. Kila ninaposikia kwamba tangi la kupozea la ushirika fulani limezimika usiku kucha kwa sababu ya umeme, na jenereta haina mafuta, namkumbuka yule bakteria mwenye sumu isiyoogopa moto.

Sasa tutazame kule ambako hakuna moto kabisa. Mursik, maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin, kwa mpango wa wakongwe ulikuwa na utaratibu: maziwa yanachemshwa, yanapoa, ndipo yanatiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Nyumba zinazoushika utaratibu huo sina neno nazo. Shida inakuja mtu anapotaka mursik wa haraka wa kuuza, akaruka hatua ya kuchemsha akiamini kwamba uchachu utamaliza kazi. Uchachu husaidia, asidi huwadhoofisha bakteria wengi, lakini brusela anaweza kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa yaliyochacha, na ile E. coli inayoharibu figo za watoto inastahimili asidi vizuri. Mala ya kibandani, yaani mtindi, ni hivyo hivyo. Na yogati zinazotengenezwa majumbani, zikatiwa rangi ya waridi na ladha ya stroberi na kuuzwa kwenye chupa zilizokwisha tumika, ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa kuwa mnunuzi wake mkuu ni mtoto wa shule. Hakuna mzazi atakayechemsha yogati.

ATM za maziwa zimeenea Nakuru na Kisumu, na zimeleta unafuu wa bei ambao watu wa kipato cha chini walikuwa wakiuhitaji. Sizipingi. Ila ieleweke kwamba mashine ile kazi yake ni kupoza na kupima kiasi, haiui bakteria. Maziwa yanatakiwa yawe yamepasteurishwa kabla ya kuingizwa humo. Mwenye duka asiye mwaminifu akichanganya na mabichi, au asipoosha mabomba yake kila siku kwa dawa, baridi ile itahifadhi kila alichokitia. Wengi hunywa moja kwa moja wakidhani mashine imeshamaliza kila kitu. Muulize muuzaji maziwa yametoka wapi, na ukifika nyumbani chemsha.

Kuhusu jibini, msomaji anaweza kusema hilo ni jambo la matajiri. Lilikuwa hivyo zamani. Leo maduka ya piza yamejaa hadi katika miji midogo, vijana wanajifunza kutengeneza jibini kama njia ya kuongeza thamani ya maziwa yao, na ukanda huu una historia ndefu: KCC, kampuni kongwe ya maziwa, ilianzia Naivasha mwaka 1925, na jibini limetengenezwa Eldoret na Nakuru kwa miaka mingi. Viwanda vinavyojua kazi hupasteurisha kwanza. Hatari iko kwa mtengenezaji mdogo anayefundishwa kupata jibini laini kwa sufuria, siki na kitambaa, asiambiwe kwamba jibini laini lenye maji mengi na chumvi kidogo ni makao mazuri sana ya listeria. Huyu ni bakteria wa ajabu: huendelea kuongezeka hata ndani ya friji, kwenye nyuzi 4. Mtu mzima mwenye nguvu huenda asihisi zaidi ya homa kidogo. Mjamzito anaweza kuhisi hicho hicho tu, na mtoto akafia tumboni. Tena dalili zinaweza kuchelewa hadi wiki 10 tangu siku alipokula, wakati ambapo hata haikumbuki tena ile jibini.

Mwaka 1985, katika Kaunti ya Los Angeles huko Marekani, jibini laini la mtindo wa Meksiko lilisababisha wagonjwa 142 wa listeria. Walikufa 48: mimba 20, watoto wachanga 10, na watu wazima 18. Wengi wa walioathirika walikuwa kina mama wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliokula chakula cha kwao walichokizoea. Wachunguzi walibaini dalili kwamba maziwa mabichi yalikuwa yakichanganyika na yaliyopasteurishwa humo kiwandani. Kiwanda kilikuwa na mashine zote. Nalitaja tukio hili kwa sababu lilitokea kwenye nchi yenye maabara za kumtambua muuaji. Je, hapa kwetu mimba ikitoka katika zahanati ya kijijini, ni nani anayepima listeria?

Wapo wanaosema Ufaransa na Uswisi hula jibini la maziwa mabichi na hawafi. Kweli wanalila. Lakini maziwa yale hutoka kwa mifugo iliyopimwa brusela na kifua kikuu mara kwa mara, na jibini lenyewe hupimwa maabara. Marekani huruhusu jibini la maziwa mabichi likiwa tu limekomazwa kwa siku 60 au zaidi, na hata siku hizo zimeonekana kutotosha kwa baadhi ya bakteria. Mtu akitaka kuiga mwisho wa safari hiyo, aanze na mwanzo wake. Na wale wanaohubiri mitandaoni kwamba kuchemsha kunaua "uhai" wa maziwa, jibu ni fupi: protini na kalisi hubaki, vitamini chache hupungua kidogo, na hakuna Mkenya anayetegemea maziwa kupata vitamini C.

Serikali imekuwa ikisukuma na kuvuta. Bodi ya Maziwa iliundwa mwaka 1958 chini ya sheria iliyolenga kulinda soko la viwanda. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, wachuuzi waliongezeka, na kwa miaka kadhaa jibu lilikuwa kuwakimbiza na kumwaga maziwa yao mitaroni. Kuanzia 2004 hivi sera ilibadilika, wachuuzi wakaanza kupewa mafunzo na leseni, na naamini hayo ndiyo yaliyokuwa mageuzi ya busara zaidi katika sekta hii. Kisha rasimu ya kanuni ya 2019 ikazua kelele nchini kote, watu wakiona kwamba mkulima anazuiwa kumuuzia jirani yake maziwa. Kelele zile zilikuwa na haki. Mchuuzi anayekimbizwa huuza alfajiri au usiku, hujificha, na hawezi kukubali mtu yeyote apime maziwa yake.

Kinachohitajika ni bei. Mkulima anayelala macho akiosha chuchu, akikausha kila kiwele kwa kitambaa chake, akitupa matone ya kwanza na kutumia mkebe wa alumini, leo hulipwa sawa na yule asiyefanya lolote. Kipo kipimo cha bei nafuu cha rezazurini: rangi ya buluu inatiwa kwenye maziwa, na kadiri bakteria walivyo wengi ndivyo inavyogeuka waridi na hatimaye nyeupe. Dakika 10 zinatosha kumpata mchafu wa kupindukia. Hapa Nakuru kiwanda cha Happy Cow, kinachotengeneza jibini na yogati, kimeshashirikiana na vyama vya ushirika vya wakulima kulipa maziwa kwa ubora wake. Kwa nini kaunti zinazogawa matangi ya kupozea kwa sherehe na kamera zisinunue pia chupa za rezazurini, na kuweka sharti kwamba chama kitakachopewa tangi kilipe nyongeza kwa kila lita iliyo safi? Na gari la pili, la jioni, liwe sehemu ya mpango huo, maana tangi lisilofikiwa jioni hufanya nusu ya kazi yake.

Brusela inahitaji zaidi ya usafi. Inahitaji chanjo ya ndama jike wakiwa na miezi 3 hadi 6, kupima ng'ombe kabla ya kumnunua sokoni, na glavu kwa anayeokota mimba iliyotupwa na ng'ombe. Hapo kuna jambo linalowaumiza watu wa huku kila siku. Mtu ana homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, mgongo na viungo vinauma. Anaenda kliniki, anatolewa damu, na baada ya muda mfupi anaambiwa ana brusela. Watafiti walipokagua kipimo hicho cha haraka katika vituo vya afya hapa magharibi mwa Kenya, waligundua kwamba wengi mno wa walioambiwa wanayo hawakuwa nayo. Matibabu ya brusela ni dawa mbili kwa wiki 6. Kwa hiyo tuna watu wanaomeza antibiotiki mwezi na nusu bila sababu, wanatumia pesa walizokopa, huku ugonjwa wao halisi, huenda kifua kikuu, ukiendelea kuwala. Kipimo cha Rose Bengal kinafanya kazi vizuri zaidi na si ghali. Hospitali za kaunti zinaweza kubadilisha mwaka huu.

Kitengo cha pamoja cha wizara ya afya na ile ya mifugo, kinachoshughulikia magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kimekuwepo kwa zaidi ya mwongo mmoja, na brusela imo kwenye orodha yake ya magonjwa ya kupewa kipaumbele. Mashinani kazi hiyo ni simu moja tu. Mgonjwa akithibitishwa Kapsabet au Ahero kwa kipimo cha pili, muuguzi ampigie daktari wa mifugo wa wadi, naye afike kwenye boma lile, apime ng'ombe, na amweleze mwenye boma ni yupi wa kuondolewa na maziwa ya nani yasiuzwe mpaka ijulikane.